Mnyama-roboti "kamili": wakusanyaji wanamaanisha nini?

Ukikaa na watu wanaokusanya seti za zamani za wanyama-roboti wenye mota, utasikia neno moja likirudiwa kila bei inapotajwa: kamili. Muuzaji atakuambia ni kamili, mnunuzi atabisha, na mara nyingi wote wawili wana haki, kwa sababu kila mmoja anahesabu kitu tofauti.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Seti ya mnyama-roboti huja kwenye boksi ikiwa vipande. Sehemu za plastiki bado zimeshikamana na fremu zake kama zilivyotoka kiwandani, na pamoja nazo kuna mota ndogo ya betri au springi ya kutia ufunguo, karatasi ya stika na karatasi ya maelekezo. Anayenunua ndiye anayekata vipande na kuunganisha. Akimaliza ana simba, tembo au mjusi wa kale wa plastiki anayetembea mwenyewe mezani. Hapo ndipo seti inapoachana na midoli ya kawaida, ambayo kiwanda kimeshaifunga na kazi yako ni kuwasha swichi tu.

Jina kubwa katika uwanja huu ni Zoids, za kampuni ya Tomy ya Japani. Zilianza mwaka 1982 kwa jina la Mechabonica, na mwaka 1983 zikauzwa Japani kwa jina la Zoids. Wadogo walitembea kwa springi, wakubwa kwa betri. Katika hao wakubwa wamo Gojulas, mwenye umbo la mjusi mkubwa anayesimama kwa miguu miwili, Mammoth wa umbo la tembo wa kale, Iron Kong ambaye ni sokwe, na Shield Liger ambaye ni simba. Zoids za miaka hiyo hazikuhitaji gundi. Vipande viliingiliana vyenyewe, na viungo vikashikiliwa na vifuniko vidogo vya mpira. Tamiya ya mji wa Shizuoka nayo ilitoa wanyama wake wa mota, lakini wale ni wa kufundishia zaidi: unakaza skrubu kwa bisibisi na gia zinabaki wazi uzione. Mimi nawapenda wa Tamiya kwa kuelewa na wa Tomy kwa kutazama.

Kutembea kwenyewe kunahitaji maelezo, kwa kuwa nusu ya maana ya "kamili" imejificha humo. Mota ndogo ya betri huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, lakini haina nguvu. Ukiifunga moja kwa moja kwenye mguu, mguu hautanyanyuka. Kwa hiyo gia ndogo inazungusha gia kubwa, na shafti ya hiyo kubwa ina gia ndogo nyingine, hivyo hivyo kwa hatua kadhaa. Chukua mfano wa hatua tatu, kila moja ikipunguza mwendo mara nne: 4 × 4 × 4 ni 64. Mota ya mizunguko 6,400 kwa dakika inafika mguuni ikiwa na mizunguko 100 tu, na nguvu ya kuzungusha imeongezeka kwa kiasi kinachokaribia hicho, ukiondoa inayopotea kwenye msuguano. Gia ya mwisho ina kipini kilichowekwa pembeni, si katikati. Kipini hicho ndicho kinachogeuza mzunguko kuwa hatua. Kwa kuwa vipini vya kulia na kushoto vimepishana nusu mzunguko, mguu mmoja unakwenda mbele wakati mwenzake anarudi nyuma. Mnyama mkubwa anaweza pia kufungua mdomo au kutikisa mkia kwa mota ile ile.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Kwa muuzaji, kamili ni kuwa na vipande vyote. Hapo wanaoanza hukagua miguu, kichwa na bunduki ya plastiki anayobeba mnyama, wakasahau vitu vidogo: vile vifuniko vya mpira, rubani wa saizi ya punje anayekaa ndani ya kichwa, na mfuniko wa sehemu ya betri. Hivyo ndivyo vinavyopotea kwanza. Mfuniko wa betri ukikosekana utaona mpira wa kufungia hela umezungushwa tumboni, na bei haijapunguzwa hata shilingi.

Kwa mnunuzi mzoefu, kamili ni kutembea. Anajua mambo ambayo macho hayaoni dukani. Gia za plastiki zilizogongelewa kwenye shafti za chuma hupasuka zenyewe baada ya miaka mingi: mota inalia vizuri, shafti inazunguka, gia imekaa kimya. Grisi ya zamani hukauka ikawa kama nta. Betri iliyosahauliwa ndani huvuja na kula bati za kupitishia umeme. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye bati, usikate tamaa. Kwa betri za alkali, pamba yenye siki kidogo husafisha, kisha unafuta na kukausha.

Hali ya hewa ya kwetu Nyanda za Juu Kusini ina sehemu yake. Mbeya mjini iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi huo ni rafiki wa mpira na plastiki kuliko joto la Kyela. Tatizo ni jua. Kwenye mwinuko huu miale yake ni mikali, na plastiki nyeupe au ya kijivu iliyowekwa dirishani hubadilika rangi ikawa ya njano. Tukuyu shida ni nyingine. Mvua ya kule inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo boksi la karatasi linaota ukungu kabla plastiki haijaguswa. Na mwezi wa Julai, Mbeya au Njombe, mnyama mwenye grisi nzito anaweza kugoma asubuhi na kutembea mchana. Usimuite mbovu kabla hajapata joto la chumba.

Pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, kitu cha namna hii kikitokea hutoka kwenye belo la mitumba kikiwa kimechanganyika na magari na midoli ya manyoya. Muulize mwenye meza kama kinatembea, jibu litakuwa "betri tu hiyo, kaka." Labda. Beba betri zako. Kabla hujaziweka, angalia viungo: ukiona alama nyeupe kama ukungu uliogandia, hiyo ni supa gluu, na kiungo kilichotakiwa kucheza kimekufa. Kwangu hilo ni baya kuliko kipande kilichopotea, kwa kuwa cha kupotea unaweza kukitafuta.

Ubishi mkali zaidi unahusu seti ambayo haijafunguliwa kamwe. Wengi wanaiweka juu ya zote, na kwa bei wako sahihi. Lakini mpira hukauka hata ndani ya boksi, na grisi iliyopakwa kiwandani haingoji mtu. Seti ya mwaka 1984 iliyofungwa ni kamili kwa hesabu ya vipande. Kama itatembea hakuna ajuaye, na njia ya kujua ni kuifungua, yaani kuipunguzia bei. Naona ajabu kuita kamili mashine ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu. Mnyama aliyechezewa, akaoshwa, akapakwa grisi mpya na kuvuka meza kwa miguu yake ana haki zaidi ya jina hilo.

Halafu kuna suala la toleo. Zoids zilirudishwa sokoni mwaka 1999, na nyingi zilitoka kwenye umbo lile lile la kiwandani la miaka ya themanini zikiwa na rangi tofauti. Mwili wa toleo moja na miguu ya lingine vinaingiliana bila kuleta shida, kwa hiyo mnyama anaweza kuwa na vipande vyote, atembee vizuri, na bado mkusanyaji akasema si kamili. Kwa hilo linganisha rangi za pande mbili ukiwa nje penye mwanga, maana taa ya dukani huficha.

Na mota iliyobadilishwa? Wenye msimamo mkali wanaikataa. Mimi naikubali, mradi ya zamani ihifadhiwe kwenye boksi na mpya iwe ya volti zile zile. Fundi redio akikupa mota ya deki ya kaseti, isome kwanza: nyingi ni za volti 6 hadi 12, na kwenye betri moja ya volti 1.5 itajikokota au isizunguke kabisa.