"Si ni .22 tu?" Hapana, hedispesi ipo na inapimwa

Nimeulizwa tena wiki hii, na kila anayeuliza anaanza na maneno yaleyale, fundi we nikerezee chemba unifungie mtutu basi, mambo ya hedispesi achana nayo, si ni .22 tu. Jamani. .22 ni bunduki ya risasi ndogo ya upana wa inchi 0.22 hivi, chemba ni tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na hedispesi naieleza hapo chini. Mimi nilianza kukereza vyuma Gerezani pale Dar, sasa niko huku Marekani nafunga mitutu ya bunduki za shabaha, na hakuna kauli inayonikera kama hiyo, maana anayeisema huwa ameshalipa mamia ya dola kwa mtutu wa kiwanda cha Lilja au Shilen halafu anataka nifanye ovyo hicho kipimo kidogo ambacho ndo kinaamua kama hizo hela zimeenda na maji au la.

Sikilizeni. Risasi ya .22 LR (Long Rifle, ndo aina ya kawaida ya .22) haina fataki ya kuwashia katikati ya kitako. Ule unga wa kuwashia umo ndani ya rimu, yaani ukingo wa kitako cha ganda, pembeni, na pini ya kugongea inauwasha kwa kuibana ile rimu kati ya ncha yake na uso wa nyuma wa mtutu. Hedispesi ni nafasi inayobaki kwa ajili ya rimu bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba, ikishafungwa, basi. Kipimo tunachofuata mafundi huku ni inchi 0.043 hadi 0.046, yaani kama milimita 1.09 mpaka 1.17, tofauti ambayo haifiki hata unene wa wembe. Ikizidi hapo, pini ikigonga inaanza kwanza kuisukuma risasi mbele, nguvu inaliwa njiani, unga unawaka leo vizuri kesho nusunusu, na kasi inapanda na kushuka. Unaweza kusema kasi kidogo ina shida gani. Kwenye mita 50, risasi ya mita 320 kwa sekunde ikipungua mita 10 tu inatua chini kwa karibu milimita 8 au 9, na duara la kumi la Olimpiki lina upana wa milimita 10.4. Kwa hiyo ukiona matundu yamejipanga juu na chini kama ngazi usikimbilie kulaumu upepo.

Na hapo bado sijagusa usalama. Watu wanadhani .22 ni mchezo kwa sababu haina teke, lakini kiwango cha juu cha presha yake ni psi 24,000 (pauni kwa inchi ya mraba), na ganda lake ni jembamba makusudi ili pini iweze kuliponda. Kuna jamaa alileta bunduki iliyofungwa kwingine, maganda yote rimu imevimba na moja limepasuka kabisa, gesi ikamrudia usoni, bahati alikuwa na miwani. Alikuwa ameshabadilisha aina nne za risasi akidhani ndo tatizo! Nikapima nikakuta 0.052. Ikabidi nikate mtutu nyuma nichonge chemba upya, kazi mara mbili, gharama mara mbili. Kwangu bunduki haitoki bila geji mbili, vile vyuma vya kupimia hedispesi, moja bolti inafunga juu yake na nyingine inakataa kufunga, na bega la mtutu, pale unapokaa kwenye fremu ya bunduki, nalikereza kidogo kidogo mpaka nifike. Kama fundi wako hana hizo geji chukua mtutu wako uondoke, sitanii.

Imani nyingine za watu nazimaliza haraka. Eti mtutu mrefu unalenga zaidi: baruti ya .22 ni kidogo, ikifika inchi 16 mpaka 19 hivi imeshamaliza kazi, baada ya hapo ni msuguano tu. Urefu unasaidia kama unatumia saiti za chuma za kulengea, au unapenda uzito wa mbele, hiyo sawa.

Eti chemba ikibana sana ndo bora. Kwenye bolti ya mkono ya mashindano ndiyo, tunataka kile kichwa cha risasi, ambacho ni cha madini laini, kianze kuuma mifereji ya mtutu pale unapofunga bolti. Ukiweka chemba hiyo kwenye bunduki ya kujipakia kama Ruger 10/22 itakwama kila baada ya risasi chache, na ukikazana kutoa ambayo haijalipuka kichwa kinaweza kubaki ndani na baruti ikamwagika kwenye mitambo. Ndo maana kuna rima ya Bentz (rima ni kifaa cha kuchonga chemba), chemba yake iko katikati, haibani sana wala hailegei sana, mwombe fundi hiyo.

Eti mtutu mpya unatibu risasi mbaya, wapi! Mtutu uleule unaweza kupenda loti moja, yaani risasi zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, na kuikataa nyingine ya chapa ileile, na ndo maana watengeneza risasi Eley na Lapua wana vituo ambako unapeleka bunduki yako ijaribiwe loti baada ya loti. Weka akiba ya hela ya risasi kabla hujanunua mtutu.

Eti .22 haisafishwi. Inasafishwa, maana mbele kidogo ya chemba kunajijenga pete ngumu ya kaboni na ukiiachia utakuja kuniambia mtutu umekufa. Ila tumia fimbo iliyonyooka na kiongozi chake cha kuielekeza, ingiza kutokea nyuma, na mdomo wa mtutu usiuguse na chuma kabisa, kabisa, nimekereza upya midomo mingi iliyoliwa na fimbo kuliko iliyoliwa na risasi.