Umeme wa moyo ukikatika, kitunguu swaumu hakiuungi

Jamani hii ya "daktari nipe dawa ya kuzibua mishipa" imenichosha. Mgonjwa mapigo 32 kwa dakika, akisimama anazimia, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) inaonyesha umeme wa juu haufiki chini kabisa, tunawaambia ndugu anahitaji betri ya moyo, kile kifaa kidogo kinachopandikizwa kifuani na waya wake unaoupa moyo umeme, wanaomba muda kidogo, wanarudi nyumbani kumnywesha kitunguu swaumu na ndimu ati mishipa isafike.

Moyo una mabomba na una nyaya. Mabomba ndiyo mishipa ya koronari, hiyo ndiyo inaziba kwa mafuta. Nyaya ni habari nyingine: umeme unaanzia nodi ya SA, kituo kidogo juu kwenye atiria ya kulia (atiria ni vyumba vya juu vya moyo) pale vena kava ya juu, mshipa mkubwa unaorudisha damu, inapoingilia, unasambaa atiria zote mbili, ukifika nodi ya AV, kituo cha katikati, unacheleweshwa kidogo, kama sehemu ya kumi ya sekunde, ili ventrikali, vyumba vya chini, zijae damu kwanza, halafu unashuka fungu la His, yaani waya mkuu wa kwenda chini, matawi yake ya kulia na kushoto, mpaka nyuzi za Purkinje. Kwa wazee wengi kinachoharibika ni hizo njia zenyewe, zinachakaa na kugeuka kovu. Sasa ndimu itazibua nini hapo?

Ni kweli mshtuko wa moyo, yaani koronari ikiziba ghafla, nao unaweza kukata umeme, maana kwa watu karibu 9 kati ya 10 nodi ya AV inalishwa na koronari ya kulia, na hapo mara nyingi umeme unarudi wenyewe ndani ya siku chache. Kovu la uzee halirudi. Na mahali ulipokatika pana maana kubwa sana, ukikatika kwenye nodi ya AV sehemu ya jirani inaweza kushika zamu kwa mapigo 40 hadi 60, ukikatika chini ya His unabaki na ventrikali zinazojiendesha kwa 20 hadi 40 na zinaweza kusimama muda wowote, huyo msimrudishe nyumbani hata kwa usiku mmoja!

Mimi kila mara nasema leteni dawa zote anazotumia mgonjwa, hasa za presha na moyo kama atenolo, propranolo, digoksini, maana nazo zinapunguza mapigo na kuna mtu ukimpunguzia dozi tu habari ya betri inaisha.

Eti waya wa betri ukiwekwa popote ni sawa? Hapana. Ukikaa kwenye ncha ya ventrikali ya kulia umeme unapita kwenye misuli polepole, upande wa kushoto unachelewa, na baada ya miaka wengine moyo unadhoofika, ndiyo maana siku hizi wataalamu wanaulenga kwenye fungu la His au tawi la kushoto.

Eti mwenye betri hafi? Anakufa kama wengine, misuli ikishindwa kujikaza umeme wa betri hauwezi kitu.

Mwenye betri, simu tumia, ila sikio la upande usio na betri, na isikae mfuko wa shati juu yake, iwe mbali sentimita 15.