Umeweka Dhamana, Hujalipa Faini

"Ami, n'shalipa faini. Elfu tano. Yamekwisha."

Ndivyo alivyoniambia mwana wa ndugu yangu Jumapili, tumekaa barazani baada ya alasiri, mimi na kahawa yangu, yeye na simu yake. Ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa, kazi yake Kongowea na viunga vyake. Siku mbili kabla ya hapo alisimamishwa na askari wa trafiki kwa kuiruka foleni upande wa kulia, magari yakimjia usoni, ili awawahi abiria waliokuwa wakipunga mkono kule mbele. Akawekwa ndani tangu saa nne asubuhi. Jioni nduguze wakachanga, akatoka. Kwake yeye hadithi imeishia hapo.

Nikamwomba risiti. Akaitoa mfuko wa nyuma, imekunjwa mara nne, kona moja ina alama ya grisi ya kidole gumba. Nikaikunjua juu ya goti. Kwa Kiingereza imeandikwa kwamba ni kesh beli, yaani dhamana ya pesa taslimu. Nyuma yake imebanwa karatasi ndogo yenye tarehe, saa na jina la mahakama. Karatasi hiyo hakuwa ameisoma. Alidhani ni nakala.

Neno hili la kulipa faini nimelivumilia siku nyingi. Nimelisikia kwa kinyozi, nimelisikia ndani ya matatu ya Mtwapa, dereva akimsimulia utingo wake kwa fahari kabisa, na mara moja nimelisikia kwa bwana aliyevaa tai. Wote hao "walilipa faini kituoni". Sasa limeingia nyumbani kwangu, basi niruhusuni.

Kwa ufupi: faini ni adhabu, pesa ambazo mahakama humtoza mtu baada ya kumpata na hatia. Dhamana ni pesa, mali au ahadi inayowekwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajahukumiwa, ili aachiliwe aende zake na arudi siku ya kesi. Faini ya kesi kama hii huilipi mpaka hakimu aseme. Dhamana ni mali yako bado, ingawa haiko mfukoni mwako. Maana ndiyo hiyo, na lau watu wangeishika hiyo peke yake ningekunywa kahawa yangu nikanyamaza.

Lakini tazama neno lenyewe. Dhamana tumeipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni wa kujitwika jambo la mwenzio: likienda mrama, niulizwe mimi. Waswahili tukaupokea mzizi huo tukauzalisha. Tuna mdhamini wa mkopo wa chama, yule ambaye jirani akihama usiku yeye ndiye atakayegongewa mlango asubuhi. Hapo hakuna mtu aliyelipa. Mdhamini hajalipa kitu, amesimama. Atalipa tu ikiwa yule aliyemsimamia ataharibu. Na ukienda mahakamani leo utaona bado iko hivyo kwenye bondi, dhamana ya ahadi isiyo ya pesa taslimu: mama mtu anakuja na hatimiliki ya kishamba chake cha Kisauni, anaapa kwamba mwanawe atarudi, na anarudi nyumbani bila kutoa hata senti. Shamba halijauzwa. Limewekwa rehani ya neno lake.

Na hapo nimelitaja neno rehani, kwa sababu ukinibana sana nitasema kwamba kesh beli inafanana na rehani kuliko kitu kingine chochote. Bibi zetu walipokwama walipeleka mkufu kwa sonara. Walipewa pesa, mkufu ukabaki dukani ukingoja kukombolewa. Sijapata kumsikia bibi aliyerudi nyumbani akasema ameuza mkufu. Aliyesema ameuza alikuwa ameuza kweli. Lakini watu hao hao, wajukuu wa bibi hao, wanaacha elfu tano kituoni wakingojewa waje wazikomboe, kisha wanakwambia wamelipa.

Sasa njoo kwenye faini. Hii tumeichukua kwa Mwingereza, naye aliichukua kwa Mfaransa, naye Mfaransa aliirithi kutoka Kilatini, ambako neno finis lina maana ya mwisho. Katika mahakama za kale za Uingereza ilikuwa pesa inayotolewa ili shauri limalizike, watu waende makwao. Faini, kwa asili yake, ni mwisho. Kwa hiyo kijana wangu aliposema "n'shalipa faini, yamekwisha", alisema sentensi ambayo mtaalamu wa lugha hawezi kuikosoa: faini na kukwisha ni ndugu wa tumbo moja. Ila yeye hakulipa faini. Alichokifanya kwa elfu tano ni kununua muda wa kungoja mwanzo.

Nadhani kosa lina sababu zake, na si ujinga. Risiti ya kesh beli na risiti ya faini zote ni karatasi za serikali, zote kwa Kiingereza, zote zina kiasi na mhuri. Pesa imetoka, mtu ametoka, akili inaunganisha. Kisha kuna kile kinachoitwa faini ya papo hapo. Kanuni za Kenya za mwaka 2016 ziliorodhesha makosa madogo ya barabarani, kila moja na bei yake: kutumia simu huku gari linakwenda, 2,000, kuzidisha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa, 10,000, na mengineyo. Watu wakasikia habari hiyo nusu, wakaamini kila kosa la barabarani lina bei yake kituoni kama nyanya sokoni. Kuendesha gari kwa hatari, kosa analoshtakiwa kijana wangu, hakumo kwenye orodha hiyo. Hilo ni la mahakama, na askari aliyeipokea ile elfu tano hakumhukumu mtu, wala hana uwezo huo.

Kosa lenyewe liko katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 47. Linamhusu anayeendesha bila kujali, au kwa kasi au namna iliyo hatari kwa umma, ukitazama hali ya barabara, matumizi yake na wingi wa magari. Anayepatikana na hatia mara ya kwanza anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 2, na habari za hukumu zinaandikwa kwenye leseni yake. Akipatikana tena, kiwango cha juu cha faini kinapanda hadi 300,000, na leseni inafutwa, asipate nyingine kwa miaka 2. Kwa dereva wa tuktuk hiyo miaka 2 ndiyo adhabu hasa, pesa zitachangwa.

Hapa nina ugomvi mwingine mdogo. Magazetini na hata kwa wakalimani, kosa hili huitwa "kuendesha kizembe". Mzembe nimjuaye mimi ni mtu aliyelala. Ni yule asiyefagia ua, asiyekaza nati ya gurudumu, anayesahau kuwasha taa magharibi. Uzembe ni upungufu. Kijana wangu siku ile hakupungukiwa na kitu: alikuwa macho, aliona magari yakija, akapiga hesabu, akaamua. Huko ni kutojali, na ni kuzidi badala ya kupungua. Sheria yenyewe inatofautisha, maana kifungu cha 49 kinazungumzia anayeendesha bila uangalifu unaostahili, nalo ni kosa jepesi kuliko la 47. Uzembe ungekaa vizuri hapo kwenye 49. Ukiyaita yote mawili kizembe, mshtakiwa hajui amesomewa lipi, na hilo ni jambo la kujua kabla ya kufungua mdomo.

Kwa sababu siku ya kwanza mahakamani mashtaka husomwa kwa lugha unayoielewa, kisha unaulizwa: ni kweli au si kweli? Na mtu aliyekwenda pale akiamini amekwisha kulipa hujibu "kweli" haraka haraka, ili aondoke kabla jua halijawa kali. Sisemi mtu akane aliyoyatenda. Nasema ajue uzito wa neno. Ukikiri, rufaa unayobakiwa nayo ni ya kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu, si hatia yenyewe. Na kama kuna mtu aliumia, hukumu hiyo ya jinai ikishakuwa ya mwisho, Sheria ya Ushahidi inaihesabu kuwa uthibitisho kamili kwamba kosa ulilitenda, hata kwenye kesi ya madai itakayokuja mwaka wa pili kudai fidia. Neno "kweli" la asubuhi moja lina miguu mirefu. Kwa bahati nzuri kijana wangu hakumgusa mtu; alichofanya ni kuwatia watu kiwewe, na dereva mmoja wa lori kumtukania mama yake, ambaye ni shemeji yangu.

"Na nisipokwenda?" akaniuliza. Swali hilo ndilo lililonifanya niweke kikombe chini.

Usipokwenda, hakimu anaweza kutoa waranti ukamatwe popote, na dhamana ikachukuliwa na serikali. Si kwamba itahesabiwa kuwa faini. Itapotea tu, na kesi itabaki pale pale. Sasa utarudishwa ndani, na ukiomba dhamana tena utaulizwa ile ya kwanza uliiheshimu vipi. Nimeona mtu akishushwa kwenye gari njiani kwa jambo la taa mbovu, ikagundulika anatafutwa kwa kesi ya miezi minane nyuma, naye anaapa kwa Mungu kwamba aliilipa. Hakuwa mwongo. Alikosea neno.

Ukienda, mambo ni mengine. Ukiachiliwa huru, pesa zinarudi kwa aliyeziweka. Ukitozwa faini, unaweza kuomba mahakama iikate kwenye dhamana, kinachobaki urudishiwe. Kwa vyovyote vile utaulizwa risiti, ile ile ya grisi, na jina lililoandikwa juu yake ndilo litakalolipwa. Hapa palizuka mjadala barazani, maana kwenye risiti kuna jina la kaka yake mkubwa, na waliochanga ni wanne.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa nalisikia pia. Watu husema askari "kampa" dhamana, kama zawadi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 49, inamhesabia aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana au bondi kwa masharti yaliyo ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Kwa hiyo kijana hakupewa kitu cha mtu. Alichukua kilicho chake, akaacha elfu tano kama alama kwamba atarudi.

Nilimweleza haya yote, pengine kwa maneno mengi kuliko alivyotaka. Alitazama simu mara mbili. Lakini karatasi ile ndogo aliichukua, akaisoma, midomo ikicheza. Alhamisi, saa tatu. Alhamisi hiyo alikuwa amekubali kuwapeleka watu arusini Bamburi kutwa nzima.

Akampigia mwenzake amshikie tuktuk.

"Alhamisi sitakuwapo, nina kesi," akamwambia. "Ile n'loilipia faini."

Akanitazama.

"Uloiwekea dhamana," nikamwambia taratibu.

"N'loiwekea dhamana," akasema kwenye simu, na nikamsikia mwenzake upande wa pili akiuliza hiyo nayo ni kitu gani.