Meya humchagui wewe

Kaa kijiweni uulize nani anamchagua meya wa Dar es Salaam. Wengi watakujibu: sisi wananchi. Sivyo. Wewe kura yako inaishia kwa diwani wa kata. Madiwani wakishaapa ndipo wanamchagua mmoja wao avae joho na mkufu. Anayeota umeya basi huanzia kwenye kata, tena kupitia chama, maana mgombea binafsi haruhusiwi. Na waliompa ndio wanaoweza kumnyang'anya: Isaya Mwita, aliyekuwa meya wa jiji tangu 2016, aling'olewa Januari 2020 na madiwani wenzake, huku wakibishana kama akidi ilitimia.

Dhana sugu kuliko zote ni kwamba meya, au hata diwani, ndiye bosi. Meya anaongoza vikao. Watumishi na malipo vipo kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye huteuliwa na Rais. Diwani akitaka kituo cha afya kijengwe haamrishi mtu. Anapeleka hoja kwenye kamati, kisha barazani, na baraza kwa kawaida hukutana kila miezi mitatu. Barabara za mitaa nazo zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Ndiyo maana diwani mjanja huwa na namba ya mhandisi kwenye simu kabla ya namba ya mwandishi wa habari.

"Diwani ana mshahara mnono." Hana mshahara, ana posho. Sasa pita kwake saa moja asubuhi: mama kashika cheti cha hospitali, wa pili kaja na daftari la michango ya msiba, kijana anataka barua ya utambulisho ambayo angeipata serikali ya mtaa. Barua atamwelekeza. Msiba atatoa, na hakuna fungu la msiba kwenye bajeti ya halmashauri. Mimi naona udiwani mwingi huanzia kuoza hapo hapo kibarazani, kabla hata ya zabuni.

Halafu kuna wanaodhani lazima uwe na digrii. Sheria inataka umri wa miaka 21 na kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alikuwa sheikh na mshairi, akaja kuwa waziri wa sheria. Siku hizi ukimtaja, watu wanadhani unazungumzia uwanja wa mpira wa Arusha.