Nani anaharibu neva za panya: kirusi au kinga?

Dhana: Kirusi kikishaingia ubongoni, ndicho kinachoua.

Ukweli: Si kila kirusi. Kipo kiitwacho LCMV, kilichogunduliwa miaka ya 1930, ambacho kwa kawaida hakiui seli kinazoingia; hujizalishia humo kimyakimya. Mdunge panya mzima kirusi hicho ubongoni na kwa siku kadhaa huoni kitu: anakula, anasafisha masharubu. Mara manyoya yanasimama, anajikunyata, ukimning'iniza kwa mkia anapata degedege. Ndani ya siku chache amekufa. Kilichobadilika ni kwamba seli T, askari wa mfumo wa kinga, zimewasili. Panya asiye na seli T, akipewa kirusi kilekile, hapatwi na kifo hicho, anaishi nacho. Ni kwa kutumia kirusi hikihiki, huko Canberra, Australia, ndipo Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walipoonyesha mwaka 1974 jinsi seli T zinavyoitambua seli iliyoambukizwa, kazi iliyowapa Nobel mwaka 1996.

Dhana: Basi seli T ndizo zinazotafuna neva kwa mikono yao.

Ukweli: Hapa hata wasomi waliteleza, nami siwalaumu, maana maelezo yalikuwa mepesi kuaminika. Mwaka 2009 watafiti waliuchungulia ubongo wa panya aliye hai kwa hadubini. Waliona seli T zikipiga mbiu tu. Walioitika, yaani monositi na nyutrofili, ambazo ni seli nyeupe nyingine za damu, ndio waliopenya kuta za mishipa ya damu kwenye utando wa ubongo mpaka ikavuja.

Kirusi cha korona cha panya, aina ya JHM, kina kisa chake. Chenyewe kinachunguzwa kwa sababu anayekipata hupoteza mailini, ule utando wa mafuta unaoizunguka neva kama plastiki ya waya wa umeme. Panya asiye na limfosaiti, yaani kundi la seli za kinga ambamo seli T zimo, huenewa na kirusi, lakini mailini yake kwa sehemu kubwa inabaki. Mwongezee seli za kinga kutoka kwa mwenzake aliyekwisha kuchanjwa, na baada ya siku chache mailini inachunika huku makrofaji, seli za kinga zenye kazi ya kumeza, zikiimeza.

Dhana: Dawa ni kuizima kinga.

Ukweli: Yule panya wa JHM asiye na limfosaiti mailini yake kwa sehemu kubwa ni nzima, ila kirusi chenyewe kinamuua. Maikroglia, seli za kinga zinazoishi ubongoni, zikiondolewa kwa dawa, virusi huongezeka na panya hufa zaidi. Na kirusi cha Theiler, kingine cha panya? Panya wa ukoo wa C57BL/6 hukifagia mapema, mailini ikasalimika. Wa ukoo wa SJL, ambao kinga yao hushindwa kukimaliza, ndio wanaopoteza mailini taratibu, kwa miezi, kirusi kikiwa bado kimo na seli za kinga zikiendelea kukiwinda.