Ziwa Tuz likikauka, halijafa

Ukiona picha ya Ziwa Tuz la Uturuki mwezi Agosti, uwanda mweupe usio na tone la maji, usikimbilie kusema ziwa limekufa. Kukauka ndiyo desturi yake. Liko kwenye nyika ya Anatolia, takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, na halina mto wa kupeleka maji yake baharini. Hupungua hasa kwa mvuke. Kina chake kwa kawaida hakifiki hata mita 2, kwa hiyo jua la kiangazi huacha gamba la chumvi, kisha mvua na theluji hulijaza upya.

Wala si jangwa lisilo na uhai. Mwani uitwao Dunaliella salina hustawi chumvi inapokolea, ukayatia maji wekundu, na flamingo huja kuzaliana kwa maelfu.

Kinachotisha hasa ni maji kupungua mapema kabla vifaranga hawajaweza kuruka. Mwaka 2021 maelfu yao walikufa. Ukame ulichangia, na wanamazingira walilaumu pia maji kuchukuliwa kwa umwagiliaji.