Anekdoten: Mellotron ilivyoacha kugombana na besi

Anayetaka kuielewa Anekdoten asianze na gitaa, aanze na kinanda kiitwacho Mellotron. Bendi hii ya Borlänge, Uswidi, ilizaliwa mwaka 1990 kwa jina la King Edward, ikipiga nyimbo za King Crimson, bendi ya roki ya Uingereza. Mwaka uliofuata akaingia Anna Sofi Dahlberg na selo yake (fidla kubwa ya sauti nzito), na jina likabadilika. Nicklas Barker yuko kwenye gitaa, Jan Erik Liljeström kwenye besi, Peter Nordins kwenye ngoma. Albamu zao zote sita za studio ni kazi ya watu hao hao wanne, na bado ya kwanza na ya mwisho hazifanani.

Mellotron ni kinanda cha Uingereza cha miaka ya 1960. Kila kitufe kina utepe wake, uliorekodiwa fidla, filimbi au kwaya halisi. Ukibonyeza, utepe unapita kwenye hedi (kichwa kinachousoma) kwa takriban sekunde 8 tu, basi. Ukiachia, unavutwa kurudi mwanzo. Kwa hiyo mpigaji hawezi kung'ang'ania kodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Lazima vidole vihame. Na kwa kuwa mwendo wa utepe hauko sawa kabisa, sauti inayumba kidogo. Huzuni ya Mellotron iko kwenye kuyumba huko, na ndiyo maana naipenda.

Sisi mafundi mitambo wa studio tunajua taabu yake: sauti za fidla za Mellotron, selo na besi yenye mlio wa kukwaruza vyote vinajazana sehemu moja, kwenye sauti za chini na za katikati. Fundi mwoga angevitenganisha. Kwenye albamu ya kwanza, Vemod (1993), na zaidi kwenye Nucleus (1995), Anekdoten waliviacha vigombane. Besi ya Liljeström inaunguruma mbele kama gitaa la pili, Mellotron inaikandamiza kutoka juu, na Nordins anakatakata mapigo bila kukupa pa kupumzikia. Sijui albamu nyingine ya miaka ile yenye uzito wa namna hiyo.

From Within (1999) ndipo mambo yanapogeuka. Kufikia Gravity (2003) kodi zinatembea polepole, gitaa linachezwa kwa nafasi, na uimbaji umesogezwa mbele. Mellotron ni ile ile, ila sasa inaubeba wimbo. Wapo mashabiki wanaosema bendi ililegea. Siwaungi mkono: kuandika melodi inayosimama yenyewe ni kazi ngumu kuliko kuificha nyuma ya kishindo.

A Time of Day ilitoka 2007, kisha kimya cha studio hadi Until All the Ghosts Are Gone (2015). Hapo walialika wageni, Per Wiberg kwenye ogani na Theo Travis kwenye filimbi, na nyimbo zikarefuka tena. Ule wa kwanza, "Shooting Star", unafika dakika 10.

Kwa anayeanza leo, vaa hedifoni usikilize "Harvest" ya Nucleus, kisha papo hapo "The War Is Over" ya Gravity. Mara zote mbili fuata besi peke yake, uone inapopata nafasi ya kupumua.